Kinga ya Asili na Maradhi ya Ateri katika Nyanda za Juu Kusini

Kwa muda mrefu imekuwa itikadi ya wengi miongoni mwetu, wasomi na wasio wasomi, kwamba maradhi ya ateri, yaani kule kukakamaa na kuzibika kwa mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni, ni maradhi ya watu wa raha: mfanyabiashara mwenye kitambi, karani asiyejua kutembea kwa miguu, mlaji wa nyama choma kila magharibi. Itikadi hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1956, Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, alipochapisha pamoja na mwenzake Singh habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo, kisa hicho kilihesabiwa kuwa nadra hata kikastahili makala ya peke yake. Na mwaka 1959 Shaper na Jones, waliolinganisha damu ya Waafrika na ya Waasia wa Uganda, wakaonyesha kuwa lehemu ya Waasia, ambao ndio waliougua moyo mara kwa mara, ilikuwa imepanda kuliko ya Waafrika. Tangu hapo lehemu ikashitakiwa peke yake. Mimi naona kwamba kwa Mbeya na Iringa ya leo shitaka hilo ni nusu ya kesi. Nusu ya pili ni mwako wa kinga ya asili, yaani inflamesheni, na kwa kuwa katika mikoa hii mwako huo hutokana kwa sehemu kubwa na Virusi vya UKIMWI, vita dhidi ya kiharusi na shambulio la moyo yapasa vianzie katika kliniki za tiba na matunzo, zile ambazo kila mtu anaziita CTC.

Kinga ya asili ni ile tuzaliwayo nayo, isiyongoja chanjo wala kumkumbuka adui wa jana ili imtambue wa leo. Elie Metchnikoff aliiona kwa macho yake mwaka 1882 huko Messina, alipochoma mwiba katika mwili mwangavu wa kiluwiluwi cha kiti cha pweza, akakuta kesho yake chembe za mwili zimeuzunguka mwiba ule kutaka kuula. Chembe za jamii hiyohiyo, makrofaji, ndizo zinazotuhusu. Pale lehemu nyepesi inapozidi katika damu, au shinikizo la damu linapouchubua utando wa ndani wa mshipa, chembe za lehemu hupenya chini ya utando huo, zikakaa, zikaharibika kwa oksijeni, na utando ukatoa ishara ya kuita msaada. Chembe nyeupe za damu huitika, hupenya, hugeuka kuwa makrofaji, nazo hula lehemu ile pasipo kujua kukinai, hata zikajaa povu la mafuta na kufa palepale. Mwaka 2010 ilithibitika kwamba fuwele za lehemu, zikimezwa na chembe hizo, huamsha ndani yake mtambo uitwao NLRP3, ambao kazi yake ni kuachilia interleukini-1 beta, na hiyo ndiyo ikokayo mwako mwili mzima. Mabaki ya wafu hao hurundikana chini ya kifuniko chembamba, na siku kifuniko kinapopasuka, damu huganda juu yake kwa dakika chache. Ndiyo maana mtu aliyeshinda shambani Ismani akilima, asiyelalamikia chochote, aweza kuanguka jioni: si lazima mshipa wake uwe ulizibika sana, bali ulikuwa umewaka.

Rudolf Virchow aliyasema mambo yaliyokaribia haya katika karne ya 19, na Russell Ross akayasema wazi mwaka 1999 kwamba maradhi haya ni maradhi ya mwako. Walakini kusema si kuthibitisha. Ithibati ilikuja mwaka 2017, jaribio la CANTOS lilipowapa baadhi ya wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo dawa ya canakinumab, izuiayo interleukini hiyo tu bila kuigusa lehemu: kwa kipimo cha miligramu 150, mashambulio, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Yaani ukizima mwako, hata lehemu ikiachwa ilivyo, hatari hupungua. Lakini msomaji asishangilie upesi. Katika jaribio lilo hilo, vifo vya maambukizi viliongezeka kwa waliopewa dawa, na jumla ya vifo vyote haikupungua, kwani kinga ya asili haikuwekwa mwilini kwa upuuzi.

Sasa tuje nyumbani. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 4.4 kwa Tanzania yote, ilhali Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa hii ndiyo safu ya mbele ya vita dhidi ya VVU, wala si siri kwa mtu aliyepata kuishi kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Neema ya dawa za kufubaza virusi, zitolewazo bure, imewawezesha watu ambao miaka ya tisini wangezikwa wakiwa vijana kufikia umri wa miaka hamsini na sitini. Neema hiyo ina sharti lake. Katika wiki za mwanzo za maambukizi virusi huangamiza chembe za kinga zilizo katika kuta za utumbo, na utumbo uliojeruhiwa huvujisha vipande vya bakteria kuingia katika damu. Makrofaji huvitambua vipande hivyo kwa vipokezi zilivyozaliwa navyo, zikaendelea kuwaka hata virusi vyenyewe vinapokuwa havionekani tena kwenye kipimo, mithili ya kaa lililofunikwa majivu. Jaribio la SMART la mwaka 2006 liliwalinganisha watu 5,472, wengine wakiendelea na dawa, wengine wakizisitisha kwa vipindi. Waliosimamisha walikufa zaidi, na maradhi ya moyo yalikuwa miongoni mwa sababu. Basi kumeza dawa kila siku ni tiba ya ateri pia, jambo ambalo sijasikia likielezwa vya kutosha katika mafunzo tuwapayo wagonjwa.

Mwaka 2023 jaribio la REPRIEVE, lililokusanya watu 7,769 wenye VVU kutoka nchi 12, jirani zetu Uganda wakiwamo, lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa dawa ya pitavastatini ilikwisha kupunguza hatari ya moyo kwa asilimia 35. Watu hao hawakuwa na lehemu nyingi ya kutisha. Kwa hesabu ya kawaida ya kukadiria hatari ya moyo tungewarudisha nyumbani bila dawa. Siwezi kudai kuwa dawa ilizima mwako tu, maana huishusha lehemu pia. Ninachodai ni kwamba hesabu ya kawaida, iliyotungwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, yaweza kuwapunja wetu.

Atakuja mpinzani aniambie: Watsimane wa Bolivia, wanaoishi na minyoo na homa maisha yao yote, wana mwako mwingi katika damu, na bado utafiti wa mwaka 2017 uliwakuta watu 705 kati yao wakiwa na ateri safi kuliko watu wowote waliopimwa. Hoja ni nzito, na naipokea. Mwako pasipo lehemu na pasipo shinikizo la damu hauujengi ugonjwa. Nao hawana vyote viwili kwa kiasi cha kudhuru. Isitoshe minyoo yenyewe hutuliza kinga kwa namna yake, ijapokuwa minyoo si heri: huko Kyela, watafiti wa Mbeya walionyesha mwaka 2016 kwamba mwenye minyoo ya matende huambukizwa VVU kwa kasi takriban maradufu. Walakini mtu wa Mwanjelwa au wa Kihesa si Mtsimane. Presha anayo, mafuta ya chipsi anayo, na moshi anao, hasa miezi ya Juni na Julai, baridi inapowafungia watu jikoni pamoja na kuni na mkaa, dirisha likazibwa kwa gunia.

Kuhusu chakula nitasema kidogo tu, kwa kuwa ushahidi ulio karibu ni wa Kilimanjaro: utafiti wa mwaka 2025 uliwashirikisha vijana 77, na waliotoka chakula cha asili kwenda cha kizungu, katika majuma mawili, damu yao ikaonyesha mwako kuongezeka; waliokunywa mbege, ile pombe ya ndizi, kwa juma moja, ukapungua. Wapenzi wa ulanzi wa Iringa wasijipongeze: mtogwa unaodondoka asubuhi kutoka mwanzi uliokatwa ncha haujapimwa hivyo, na mkangafu wa jioni una pombe yake.

Dawa za kuzima mwako zenyewe sizipendekezi kwa sasa. Canakinumab ni ghali mno, na katika nchi yenye kifua kikuu ni hatari. Kolchisini ni rahisi, lakini jaribio la COLCOT la mwaka 2019 liliisifu na lile la CLEAR la mwaka 2024 halikuiona faida. Tena kwa mgonjwa wa VVU aliye kwenye dawa za daraja la pili anayetumia ritonaviri yaweza kujilimbikiza mwilini hadi kuwa sumu. Yaliyo mikononi mwetu ni mepesi zaidi. Mgonjwa hufika CTC kuchukua dawa za miezi kadhaa, hupimwa uzito, huulizwa kikohozi na jasho la usiku, akaenda zake. Nawasihi waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe waweke kipimo cha presha mezani palepale, kitumike kwa kila aliyetimiza miaka 40, matokeo yaandikwe katika kadi ileile ya dawa, tiba ya presha itolewe dirisha lilelile, na dawa za jamii ya statini ziingizwe katika bajeti ya mwaka ujao.