Placide Tempels: kitabu kilikuwa chake, lakini mawazo yalikuwa ya nani?

Leo tuache kidogo mambo ya kazi na mishahara, tuongelee historia ya hapa kwetu.

Ukitoka Mulungwishi ukafuata barabara ya Fungurume mpaka Kolwezi, unakaribia Musonoi, kambi ambayo Union Minière ilijengea wafanyakazi wake. Wengi wetu tunaijua juu ya shaba na kobalti. Lakini mwaka 1953, paka pale kwenye kambi, padri mmoja Mbelgiji alianza na wafanyakazi na wake zao kitu ambacho wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuja kukiandikia vitabu vizima. Jina lake Placide Tempels. Wenye kusoma filozofia wanamjua kama mwandishi. Wazee wa Kolwezi wanamjua kwa jambo lingine: Jamaa. Mimi ni mtu wa kilimo, si wa filozofia. Hata hivyo historia hii inanihusu, na nafikiri inahusu kila mtu anayeandika TFC. Nitaeleza kwa nini.

Tempels alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906. Wazazi walimwita Frans. Placide ni jina la utawa, alilopewa alipoingia kwa Wafransisko. Akapata upadri 1930, akafika Kongo 1933. Alitumwa kwa Baluba wa kaskazini ya Katanga, upande wa Kamina na Kabondo-Dianda. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, katika kitabu kidogo cha mwaka 1962, kwamba miaka ile ya kwanza alikuja kama Mzungu, kama bwana, mtu wa kufundisha na kuamuru. Watu walimsikiliza, lakini mafundisho hayakuingia ndani. Njo hapo alianza kubadilisha swali. Badala ya kuuliza "niwaambie nini?", akaanza kuuliza "nyinyi munawaza nini? Munatafuta nini katika maisha?"

Tukumbuke wakati wenyewe. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Élisabethville, askari wakawapiga risasi na watu wengi wakafa. Februari 1944 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg, Kananga ya leo. Wazungu wa koloni walianza kuogopa. Mwaka huohuo 1944 Tempels akaandika katika gazeti L'Essor du Congo la Élisabethville juu ya filozofia ya uasi. Neno lake kwa kifupi: mtu huyu munayemwita mjinga ana mawazo yake yaliyopangwa, na kama hamuyajui, musishangae akiwakataa.

Mwaka 1945 kikatoka kitabu chenyewe, La philosophie bantoue. Tempels alikuwa amekiandika kwa Kiflama. Antoine Rubbens, mwanasheria wa Élisabethville, akakitafsiri kwa Kifaransa, na kikachapishwa palepale mjini na Lovania. Kwa hiyo kitabu kilichoanzisha mabishano yote ya "filozofia ya Kiafrika" kilichapishwa Lubumbashi, si Paris. Wangapi kati yetu tulijua?

Kinasema nini? Kwamba kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu. Kila kitu kilichopo ni nguvu: Mungu kwanza, halafu mababu wa mwanzo, marehemu, watu walio hai, kisha wanyama, mimea na mawe. Nguvu hizi zinagusana. Baraka ya mzee inaongeza uzima wako, laana inaupunguza. Kuzaa ni kuongezeka. Ugonjwa na kukosa watoto ni kupungua. Hata bwanga na bulozi, ambavyo Wazungu waliviita upumbavu, Tempels alisema viko na mantiki yake: mlozi ni mtu anayekula uzima wa mwenzake. Kwa mwaka 1945, padri kuandika hivyo ilikuwa jambo kubwa. Monsenyere de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga, alikasirika, akataka Roma ikihukumu kitabu. Tempels akarudi Ubelgiji 1946, na miaka ikapita kabla ya kuruhusiwa kurudi huku. Lakini kitabu kilishaondoka mikononi mwao: mwaka 1949 Alioune Diop, Msenegali, akakitoa tena Paris kupitia Présence Africaine, na Waafrika wasomi wakakipokea kwa furaha. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda akatoa kazi yake juu ya filozofia ya Wanyarwanda, akimfuata na kumkosoa kwa wakati mmoja.

Kisha wakaja wakosoaji wakali. Aimé Césaire aliona hatari mapema: kama Muntu anataka tu uzima na heshima, basi koloni inaweza kumpa heshima ya maneno na kuacha mshahara vilevile. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni akaandika dhidi yake 1968. Paulin Hountondji wa Benin akasema, katika kitabu cha 1977, kwamba filozofia inakuwa na watu wanaowaza, wenye majina, wanaobishana. Haiwezi kuwa wazo moja la kabila zima ambalo hakuna aliyelisema. Na V. Y. Mudimbe, mtoto wa kwetu, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 wakati mji ukiitwa Jadotville, alionyesha mwaka 1988 jinsi Afrika ya vitabuni ilivyotengenezwa na wamisionari na wataalamu kutoka nje, Tempels akiwa mmoja wao.

Mimi naona kidonda kiko mahali pamoja. Tempels anasema waziwazi kwamba tusitegemee Muntu atupe maelezo yaliyopangwa ya mawazo yake. Sisi ndio tutamwambia anawaza nini. Kumbe mawazo alipewa na watu, wazee na wamama wa vijiji vya Baluba waliokaa naye miaka zaidi ya kumi. Lakini jina lililobaki kwenye jalada ni moja tu.

Sasa turudi Musonoi, kwa sababu hapo mambo yanageuka. Tangu miaka ya 1920 kuelekea mwisho, Union Minière ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, asirudi kijijini kila mara. Watu wa makabila mengi wakajikuta mlango kwa mlango, wakiongea Kiswahili. Ukoo ulibaki mbali. Katika hali hiyo Tempels hakuanza kwa kugawa kitabu. Alikaa na watu, mume na mke pamoja, akiongea juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Wakaitana baba na mama. Mtu hakuingia peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua, katika njia tatu. Na waliofundisha hawakuwa mapadri tu. Mfanyakazi wa mgodi alisimama akatoa mafundisho, na mke wake naye. Ile filozofia iliyoandikwa kwa Kiflama, ikasomwa kwa Kifaransa na Wazungu, ilizaliwa mara ya pili kwa Kiswahili cha Katanga, midomoni mwa watu wenyewe.

Tempels aliondoka Kongo 1962 na hakurudi tena. Alikufa Hasselt mwaka 1977. Jamaa haikufa. Ilienea Katanga, ikafika Kasai. Johannes Fabian alikuja kuichunguza Kolwezi katika miaka ya 1960 na kitabu chake kikatoka 1971. Maaskofu waliogopa mambo ya siri na vikundi vilivyopotoka, wakaweka masharti makali miaka ya 1970. Wengine wakabaki ndani ya Kanisa, wengine wakatoka. Ubishi ule unaonyesha jambo moja: haikuwa tena mali ya Tempels. Wenyewe walishaichukua.

Mambo kama haya hayakutokea Katanga tu. Miaka ileile, Mwingereza Gerald Gardner, aliyefanya kazi ya forodha Malaya, alitoa mwaka 1954 kitabu akisema amekutana na dini ya kale ya wachawi wa Uingereza. Sheria ya zamani dhidi ya uchawi ilikuwa imefutwa 1951 tu. Kutoka kwake ikaenea dini inayoitwa Wicca, yenye wafuasi nchi nyingi leo. Wao wanajiita wachawi bila woga. Huku kwetu neno hilo linaweza kumtupa mtoto barabarani, kwa hiyo tusichanganye. Lakini mwanahistoria Ronald Hutton alionyesha 1999 kwamba dini ile kwa sehemu kubwa ni mpya, ilijengwa na watu wa karne ya 20. Gardner alisema anaeleza kitu cha kale, na kikatokea kitu kipya. Kwa Tempels ilikuwa hivyo pia. Kitabu kinachosema "hawa njo wako hivi" hakibaki picha tu. Wanaosomwa ndani yake wanaweza kukikataa, au kukigeuza chao.

Na sisi je? Hapa Katanga kila mkulima anajua udongo wa kichuguu unazaa kuliko udongo wa pembeni. Anapanda mahindi juu yake, au anauchimba na kuumwaga shambani. Watafiti wamekuja, wakapima, wakakuta ni kweli. Lakini fungua TFC nyingi za kilimo: mkulima aliyeeleza yote yale anaitwa "muulizwa namba 14". Tunasema "wakulima wa eneo hili wanaamini". Kwa nini anaamini, na sisi tunajua? Yeye amejaribu miaka thelathini. Hountondji alidai majina na mabishano kwa filozofia. Mimi nadai vilevile kwa shamba. Mama mmoja anasema panda mapema, jirani yake anakataa. Wote wawili wana sababu. Ubishi wao ni elimu, si "imani ya wenyeji".

Kwa hiyo wadogo zangu munaoandika mwaka huu, na wakubwa munaosimamia: mkulima akikubali, jina lake liandikwe, na neno lake liandikwe kwa Kiswahili alichosemea, kabla ya kulifanya Kifaransa. Kisha rudini kumsomea mulichoandika. Watu wa Musonoi hawakungoja mtu awaruhusu kufundisha. Na mkulima, ukimsomea, atakusahihisha. Munasema nini, bandugu?