Sandarusi ya Uzaramo na Mng'ao wa Viti vya Wenzetu

Kiti cha kale hakifi upesi. Fundi seremala hukivua rangi kuukuu, hukipiga msasa, kisha hukivika rangi au vanishi mpya, nacho hurudi barazani kama bwana harusi. Hata neno msasa lina asili yake porini, kwani msasa ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na wazee wetu waliyatumia kulainishia vinyago na vigoda. Lakini wanaojua kwamba vanishi nayo ina historia katika udongo wa Uzaramo ni wachache.

Zama za kale utomvu wa msandarusi ulidondoka, ukafukiwa na mchanga, ukakauka hata ukawa mgumu mithili ya jiwe. Hiyo ndiyo sandarusi. Katika karne ya 19 Wazaramo waliichimba kwa majembe katika nchi iliyo leo wilaya za Kisarawe na jirani zake, hasa baada ya mvua kulainisha ardhi. Ile changa, ambayo haijakomaa ardhini, iliitwa chakazi, nayo bei yake ilikuwa duni. Wageni walilisikia vibaya neno hilo wakalitamka "jackass", yaani punda dume! Hivyo punda akaingia katika vitabu vya biashara bila kosa lolote.

Sandarusi ilipelekwa Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakawa wanunuzi wakubwa. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini, ikawa vanishi ngumu yenye kung'aa, ya kupaka meza, makabati na magari ya farasi. Mchimbaji wa Uzaramo alipata nguo, ile tuliyoiita merikani. Mng'ao wenyewe ulibaki ng'ambo. Mimi siwezi kuiita biashara hiyo ya haki.

Karne ya 20 wanakemia walitengeneza vanishi zisizohitaji sandarusi, na mashimo yakaota nyasi.

Ninacho kiti cha mkono alichoniachia marehemu baba. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka. Nilikipeleka kwa seremala mmoja kijana huko Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro.

"Shikamoo mzee. Tukipake rangi tena, au vanishi?"

"Marahaba. Kikwangue kwanza, tuone."

Chini ya kijani ulitokea mninga mwekundu, mistari yake mizima. Tukakubaliana vanishi. Alipokuwa akifungua kopo nilimwuliza kama anaijua sandarusi. Alifikiri kidogo, brashi mkononi.

"Nimemsikia bibi akiitaja, mzee. Kwetu ni Kisarawe. Nadhani ni dawa ya kufukiza."