Hulka na miunganiko ya ubongo

Hulka na miunganiko ya ubongo ni uwanja wa sayansi ya neva unaochunguza iwapo tofauti za hulka, kama uchangamfu, wasiwasi au udadisi, huonekana katika namna sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Chombo chake kikuu ni MRI, yaani upigaji picha wa ubongo kwa nguvu za sumaku. Mwaka 2018 Julien Dubois, Ralph Adolphs na wenzao walichambua picha za mamia ya Wamarekani; hulka iliyobashirika vizuri zaidi ilikuwa udadisi, tena kwa kiasi kidogo tu. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha kwamba uhusiano wa aina hii huhitaji maelfu ya watu ndipo uaminike.

Kenya ina sababu ya kuutazama uwanja huu kwa tahadhari. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1951 kuwa Waafrika hawatumii vya kutosha sehemu za mbele za ubongo, akawafananisha na Wazungu waliokatwa nyuzi za neva za sehemu hizo. MRI haikuwepo; aliyoyaona kwa jicho la kikoloni aliyageuza kuwa anatomia. Enzi hiyohiyo, mwaka 1945, Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alifungiwa Mathari kama mwendawazimu. Dai la Carothers halina nafasi tena katika sayansi.