Snapshoti ya ZFS haionekani: usifute kitu kwanza

Mtu anafuta faili ya kipindi kwa bahati mbaya. Anasema: si kitu, jana usiku tulipiga snapshoti. Anafungua folda, haioni. Hapo njo haraka inaanza kuharibu mambo. Mara nyingi snapshoti iko. Ni mlango wake tu umefichwa.

Snapshoti ni picha ya faili zote vile zilikuwa saa fulani, ya kusoma tu. ZFS, mfumo wa faili uliotoka kwa Sun Microsystems mwaka 2005 na kuingia katika FreeBSD mwaka 2008, inaipiga kwa sekunde chache. Tuchukue mfano wa dataseti redio/sauti, inayofunguka katika /redio/sauti.

1. Iko kweli? Andika:
zfs list -t snapshot -r redio/sauti
Jina likitokea, iko. Jina likikosekana na dataseti iko, mtu ao programu ya kusafisha iliifuta. Kama hata dataseti haiko, angalia disiki: zpool status, kisha zpool import.

2. Imefichwa? Folda .zfs haitokei hata kwa ls -a. Ingia moja kwa moja:
cd /redio/sauti/.zfs/snapshot
Ukitaka ionekane siku zote:
zfs set snapdir=visible redio/sauti

3. Folda iko tupu? Kila dataseti iko na snapshoti zake. Ukitafuta sauti ndani ya snapshoti ya redio, utakuta folda tupu. Zitafute katika /redio/sauti/.zfs.

4. Umeme ulikatika? Hapa Lubumbashi tunajua hiyo. Dataseti yenye ufunguo wa siri inaweza kubaki imefungwa mashini ikiwaka tena. Andika zfs load-key redio/sauti, kisha zfs mount redio/sauti.

5. Inakukatalia ruhusa? Ruhusa ni zile za siku ile. Chmod haiwezi kuzibadilisha. Ingia kama root.

Ukifika, nakili faili unayotaka kwa cp. Usikimbilie zfs rollback: inafuta kazi yote iliyofanyika tangu saa ile, hata ya wenzako.

Na hii usiisahau: snapshoti inakaa kwenye disiki ileile. Disiki ikikufa, ao mwizi akibeba mashini, vyote vinaenda pamoja. Tumia zfs send, uweke kopi kwenye disiki ingine, na disiki hiyo ilale nyumba ingine.