Mashine ya kukereza ikigoma, usikimbilie kusuka mota

Na Mwandishi Wetu, Tabora

FUNDI anapobonyeza kitufe cha kijani na mashine ya kukereza ikanguruma bila kuzunguka, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kwamba mota imeungua. Mota hufunguliwa, hupakiwa kwenye baiskeli na kupelekwa kwa msukaji wa koili, kazi ambayo gharama yake huweza kumaliza faida ya siku nyingi.

Kwa mwenye karakana ya uani katika kata kama Gongoni, Manispaa ya Tabora, mashine ni moja tu. Ikisimama, miguu ya meza na vitanda vya mninga iliyoagizwa na wateja nayo husimama. Hata hivyo, koili kuungua aghalabu ni matokeo ya kitu kingine, na kitu hicho kisiporekebishwa, mota iliyosukwa upya itaungua tena.

Kabla ya kugusa chochote, plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Aidha, Luku iliyoishiwa haihesabiwi kuwa umeme umezimwa, kwani mtu akiingiza namba za tokeni sebuleni, waya zilizo mkononi mwako hupata umeme papo hapo. Kapasita nayo hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Iondolewe chaji kwa kuunganisha ncha zake na balbu ya kawaida ya nyuzi kwa sekunde kadhaa, kisha ipimwe. Kuishotisha kwa bisibisi ni mazoea mabaya yanayoweza kuunguza macho na vidole.

Uchunguzi uanzie kwenye umeme wenyewe. Umeme wa TANESCO kwa fezi moja ni volti 230, lakini kipimo chenye maana ni kile kinachosomwa mashineni wakati mota inajaribu kuanza. Hapa ndipo waya za kuunganishia hufanya uharibifu wake kimyakimya.

Chukua mfano wa mota ya nguvu farasi moja. Ikiwa kazini hutumia takriban ampia 6, lakini wakati wa kuanza huweza kuvuta mara tano ya hapo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 40 utapoteza takriban volti 30 kwa wakati huo, na mashine itabakiwa na volti 200. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo hubaki kama robo tatu tu. Iwapo jioni umeme wa mtaani tayari umeshuka hadi volti 200, nguvu hiyo hukaribia nusu. Mota itanguruma, itapata joto, na koili zitaungua ilhali kosa ni la waya. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali huohuo hupoteza chini ya volti 15.

Ikiwa umeme unatosha na mota bado inanguruma, toa mkanda. Mota ikizunguka bila mkanda, mzigo ndio mzito: beringi zimekauka au mkanda umekazwa kupita kiasi. Isipozunguka, izimwe ndani ya sekunde chache, kisha ikaguliwe kapasita na swichi ndogo iliyo ndani ya mota, ambayo hufunguka yenyewe mota ikishika kasi. Vumbi la mbao hupenda kujificha katika swichi hiyo. Ikikwama wazi, mota haianzi. Ikikwama imefungwa, kapasita ya kuanzishia huvimba na kupasuka. Ndiyo maana kubadili kapasita pekee mara nyingine hakudumu hata wiki. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani.

Mashine iliyokufa kabisa ni rahisi zaidi. Jaribu soketi kwa kifaa kingine, kisha angalia fyuzi ya plagi, waya pale unapoingia mashineni, kitufe chekundu cha dharura ambacho huenda kilibonyezwa kikasahaulika, na swichi ya kinga ya kichwa cha mashine.

Ikiwa mashine inazunguka tu wakati kidole kiko juu ya kitufe cha kijani, sumaku ya swichi haishiki. Wapo wanaoiondoa na kufunga swichi ya taa. Hilo ni hatari: sumaku ile imewekwa ili umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe yenyewe mtu akiwa ameinama akifunga kipande cha kazi.

Mashine inayoangusha sakiti breka au kumpiga mtu shoti ina umeme unaovujia kwenye chuma chake. Chembe za chuma zilizoingia katika boksi la waya ni chanzo kimoja. Unyevu wa masika, ambayo Tabora huanza Novemba hadi Aprili, ni kingine. Fundi umeme atapima koili kwa mega ya volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, mota isiwashwe. Kuweka breka kubwa zaidi, au kukata waya wa ethi ili breka isianguke, ni kumwachia mtumiaji ile shoti.

Kwa mashine za fezi tatu, ngurumo mara nyingi humaanisha fezi moja imepotea. Zile ndogo za mezani zenye mota ya brashi, anza na brashi za kaboni. Zikiisha, mota hutoa cheche na kupoteza kasi.

Marekebisho ya waya za jengo yafanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Endapo vipimo vyote vitaonyesha kuwa koili ndizo zilizoungua, piga picha waya zilivyounganishwa kabla ya kuzifungua, na mpelekee msukaji mota pamoja na kapasita yake na kibati chenye vipimo vyake, ukimweleza volti ulizosoma mashineni.