Mgonjwa Mmoja, Sufuria Moja, Vinywa Sita

Mama akimpeleka mwanawe zahanati, hapa Mamboleo au kwengineko Kisumu, mtoto huzungushiwa utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni manjano. Wa nyekundu, kama hana maradhi mengine makubwa, hupewa pakiti za karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500.

Pakiti hizo huhesabiwa kama dawa, kwa uzito wa mtoto, na mama huambiwa asimgawie mwengine. Agizo ni sahihi kitabibu. Lakini nyumbani wapo ndugu watatu wanaotazama. Mama gani atampa mmoja awafukuze wengine? Pakiti huliwa na wote, mtoto hanenepi, na lawama humwangukia mama.

Waliolitambua hili mapema ni AMPATH, mpango wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulioanza 2001 kutibu VVU na baadaye ukafika mpaka Chulaimbo, karibu na Maseno. Madaktari waliona wagonjwa wanapewa dawa huku tumbo ni tupu. Basi wakalima mashamba yao wenyewe, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaongeza mahindi, maharagwe na mafuta. Mtaalamu wa lishe aliandika chakula kama daktari anavyoandika vidonge, kwa kawaida kwa miezi sita, akihesabu mgonjwa pamoja na wanaomtegemea. Kwetu hesabu hiyo si ngeni: fitri hutolewa kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga.

Njia nyengine ilikuwa Shamba Maisha, utafiti uliofanywa katika vituo 16 vya afya Kisumu, Homa Bay na Migori. Wagonjwa wa VVU walipata mkopo wa pampu ya kukanyaga kwa miguu, mbegu na mafunzo. Matokeo yalitoka 2022: chakula kiliongezeka majumbani, ingawa virusi havikupungua kuliko kwa wenzao wasiopewa, maana matibabu yalikuwa yameboreka kwa wote. Mimi naona chakula kupatikana ni faida tosha. Ila ilihitaji shamba na maji karibu; mpangaji wa chumba kimoja Nyalenda atakanyagia wapi?

Sehemu kubwa ya fedha za miradi hii ilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 misaada ilisimamishwa, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa. Kaunti zinasimamia afya tangu 2013, na lishe ya zahanati inastahili fungu lake kwenye bajeti kama panadoli. Vikao vya maoni ya wananchi huitishwa kila mwaka, na wachache sana tunahudhuria.

Kwa sasa, mwenye mtoto aliyekonda aulize kituoni kwa mtaalamu wa lishe, na aseme waziwazi wangapi wanakula sufuria moja. Na mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kidole kikaacha shimo, apelekwe siku hiyo hiyo, hata utepe ukisema kijani.