Povu la Mapafu na Miaka Iliyopotea

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu waliliona pafu kama puto: misuli ya kifua hulivuta likajaa, kisha hunywea lenyewe kwa mnyumbuko wa nyuzi zake. Si kwamba hawakupima. James Carson wa Liverpool aliueleza mnyumbuko huo mwaka 1820, na Donders wa Uholanzi akaupima kwenye maiti mwaka 1849. Baina yao, mwaka 1846, daktari John Hutchinson wa London alitangaza vipimo vya watu zaidi ya 2,000 waliopuliza kwenye chombo chake, kengele iliyofudikizwa ndani ya maji na kusawazishwa kwa mawe ya mizani, ikipanda kadiri mtu anavyotoa pumzi. Spiromita za leo ni vijukuu vya kengele ile. Lakini kengele ilihesabu hewa tu. Haikueleza kwa nini pafu hunywea. Jibu lilipopatikana liliachwa likalala robo karne, na nashikilia kwamba halikukosa vifaa, lilikosa watu wa kukaa pamoja.

Aliyelipata ni Kurt von Neergaard, huko Uswisi, mwaka 1929. Alijua kwamba ndani ya vifuko vidogo vya hewa mna utando wa majimaji, na maji hujikusanya, kama tone la mvua linavyojiviringa juu ya jani. Utando uliopinda hivyo hukivuta kifuko kijifumbe, na kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo shinikizo la kukifumba linavyokuwa kubwa. Basi alichukua pafu la nguruwe, akalijaza hewa na kupima shinikizo lililohitajika, kisha akalijaza kimiminika. Pafu lilikuwa lile lile na nyuzi zile zile. Kilichoondoka ni ule uso ambapo hewa hukutana na maji. Shinikizo likashuka chini ya nusu. Maana yake, sehemu kubwa ya nguvu inayolirudisha pafu haimo katika nyuzi hata kidogo, imo katika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Sijui jaribio jingine la fiziolojia lililosema mengi hivyo kwa hatua mbili tu. Na hakuishia hapo: alipendekeza nguvu hiyo ichunguzwe katika pumzi ya kwanza ya mtoto mchanga. Karibu hakuna aliyemsikiliza.

Yupo atakayesema alikuwa mbele ya vifaa vya wakati wake. Hoja hii ina uzito, kwani von Neergaard alipopima majimaji ya pafu hakuweza kuonyesha jinsi mvutano wake, yaani ile nguvu ya kujikusanya, unavyoshuka utando unapobanwa. Hata hivyo beseni la kubania utando juu ya maji lilikuwa limeelezwa na mwanakemia Langmuir tangu 1917. Lilikuwa kwa wanakemia. Watoto walikuwa kwa madaktari. Mwishowe swali lilifufuliwa na watu waliochunguza gesi za vita. Richard Pattle, Porton Down nchini Uingereza, aliona mwaka 1955 kwamba viputo vya povu la mapafu vinakataa kupasuka. John Clements, katika maabara ya jeshi la Marekani, aliutandaza utando wa mapafu kwenye beseni mwaka 1957: ukitanuliwa, mvutano hupanda, ukibanwa, hushuka mno. Ndiyo maana vifuko vyetu havijifumbi tunapotoa pumzi.

Mwingine atasema basi ilikuwa bahati tu. Lakini bahati isingemfikia mtoto yeyote bila Mary Ellen Avery, daktari wa watoto wachanga huko Boston, aliyefunga safari kwenda kwa Clements kujifunza kipimo hicho. Mwaka 1959, yeye na Jere Mead walionyesha kwamba katika mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua, mvutano haukushuka. Ute wa mapafuni unaoutuliza mvutano huo haukuwa umetosha. Daktari na kipimo walikuwa wamekutana, miaka 30 baada ya pendekezo la von Neergaard.

Tiba nayo ilichelewa. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, aliyezaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya wakati wake, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na siku mbili. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Japani walitangaza kwamba wamewatibu watoto njiti 10 kwa kuwatilia mapafuni ute uliotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe.